Povu la Pinki: Somo Kuhusu Fizi, Ugaga na Kusafishwa Meno Hadi Kwenye Mzizi

Wanachuo wenzangu, pita kwenye masinki ya hosteli yoyote saa kumi na mbili na nusu asubuhi, muda ule watu wanawahi kipindi cha saa moja. Mswaki mdomoni, taulo begani, ndoo pembeni. Wengi wanatema povu jeupe. Wapo ambao povu lao lina rangi ya pinki, na hao utawajua kwa jinsi wanavyofungulia bomba haraka haraka. Ukimuuliza mmoja atakwambia mswaki wake ni mgumu. Mwingine atasema ni joto la mwili, mwingine eti hajala matunda tangu bumu liishe. Jibu ambalo ni nadra kulisikia ni hili: fizi zangu zinaumwa.

Sisi wa ualimu tumezoea kuanza kipindi kwa kuandika malengo ubaoni. Langu ni moja. Ukimaliza kusoma uwe unajua daktari wa meno anafanya nini anaposema fizi zako zinahitaji kusafishwa kwa kina, na kwa nini yale unayoyasikia mtaani kuhusu matibabu hayo, kwamba yanalegeza meno na kuacha mapengo, yana maelezo yake. Nimechagua mada hii kwa sababu kwa wengi wetu, katika umri huu, jambo hili bado linarudishika nyuma. Ukifika miaka arobaini na jino linacheza, mazungumzo yanakuwa mengine.

Ukoga si ugaga

Kiswahili kimetupa maneno mawili ambayo tunayachanganya, na somo lote linasimama juu ya tofauti yake. Ukoga ni ule utando laini, unaoteleza, unaousikia ukipitisha ulimi kwenye meno kabla ya kupiga mswaki. Ni bakteria walioshikamana kwa gundi wanayoitengeneza wenyewe. Ukiusafisha asubuhi, saa chache baadaye umeshaanza kujijenga upya. Hilo si la kuogopa, mdomo wa kila binadamu uko hivyo, na ukoga unatoka kwa mswaki wa kawaida.

Ugaga ni ukoga uliogeuka jiwe. Mate yetu yana madini ya kalsiamu na fosfeti. Ukoga ukiachwa bila kuguswa, madini hayo huanza kuingia ndani yake katika siku moja hadi tatu, na kufikia wiki mbili hivi umeshakuwa mgumu kama kokoto. Chukua kioo, washa tochi ya simu, angalia upande wa nyuma wa meno yako ya mbele ya chini. Pale chini ya ulimi ndipo tezi za mate zinapomwaga, na ndiyo maana ugaga hupenda kuanzia pale. Ukiona kitu cha njano au kahawia kimeshika kwenye shina la jino na hakitoki kwa ukucha, ndio huo. Mswaki hauna kazi tena hapo, hata ukisugua mpaka mkono uchoke.

Tukiwa hapo hapo: si kila rangi ya kahawia ni ugaga. Wenzetu wengi waliokulia Arusha, Kilimanjaro na maeneo mengine ya kaskazini ambako maji yana floraidi nyingi, meno yao yana madoa yaliyoingia ndani ya jino lenyewe tangu lilipokuwa linajijenga utotoni. Yale hayakwanguliki. Anayekuahidi kuyaondoa kwa kukwangua ugaga anakula hela yako.

Kuna jambo moja ambalo watu hulipindua. Ugaga wenyewe haukuli mfupa. Kosa lake ni kwamba uso wake una mikwaruzo na vishimo, kwa hiyo bakteria hai wanapata pa kukaa ambapo huwezi kuwafikia. Ugaga ni nyumba, wapangaji ndio wenye fujo.

Wanafunzi walioacha mswaki kwa makusudi

Uthibitisho wa haya ulipatikana kwa wanafunzi kama sisi. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake wawili walichapisha utafiti walioufanya Aarhus, Denmark. Walichukua watu 12 wenye fizi nzima: tisa walikuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari wa meno, mmoja mwalimu wao, na wawili mafundi wa maabara. Wakaambiwa waache kabisa kusafisha meno. Hakuna mswaki, hakuna kijiti, hakuna kitu. (Fikiria kukaa semina moja na kundi hilo.) Kati ya siku ya 10 na ya 21 wote 12 walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudishiwa miswaki yao, fizi zikapona ndani ya wiki moja hivi.

Kwa hiyo povu la pinki kwa kawaida halitokani na mswaki mgumu, ingawa mswaki mgumu unaweza kuchubua. Linatokana na ufizi uliovimba kwa sababu ya ukoga uliokaa kwenye shina la jino. Sasa angalia tunachofanya wengi. Damu ikitoka, tunaogopa, tunaacha kupitisha mswaki upande ule, "ili upumzike". Ukoga unaongezeka, uvimbe unaongezeka, damu inaongezeka. Jirani yangu wa chumba mwaka wa kwanza alikuwa anapigia mswaki upande wa kushoto tu kwa muhula mzima kwa hoja hiyo hiyo, na alikuwa anaieleza vizuri kweli kweli, kama mtu anayetetea tasnifu.

Ngazi hiyo ya kwanza inafutika. Ngazi ya pili haifutiki, na ndiyo inayotuleta kwenye kukwangua kwa kina. Jino halikushikwa na ufizi tu. Limesimama ndani ya mfupa wa taya, na kati ya mzizi na mfupa kuna nyuzi nyingi fupi fupi zinazolifunga. Uvimbe ukikaa miezi na miaka, kwa baadhi ya watu mwili huanza kuvunja nyuzi hizo na mfupa wenyewe. Si bakteria wanaotafuna mfupa moja kwa moja. Ni askari wetu wa kinga, katika vita isiyoisha, wanaobomoa uwanja wa vita. Ufizi unaachana na jino, panabaki nafasi, kama mfuko wa shati. Ndani ya mfuko huo kuna giza, hakuna hewa ya kutosha, na ugaga mweusi unaota kwenye mzizi mahali ambapo hauonekani kwa kioo wala tochi.

Nimesema "kwa baadhi ya watu", na sikusema hivyo kwa adabu tu. Löe huyo huyo na wenzake walifuatilia wanaume 480, vibarua wa mashamba ya chai nchini Sri Lanka, kuanzia mwaka 1970 kwa miaka 15. Watu hao hawakuwa na desturi ya kupiga mswaki wala kwenda kwa daktari wa meno, na wote walikuwa na ukoga na ugaga mwingi. Ripoti ya 1986 ikaonyesha kwamba asilimia 8 walipoteza mshiko wa meno kwa kasi kubwa, asilimia 81 kwa kasi ya wastani, na asilimia 11 hawakwenda mbali zaidi ya uvimbe wa fizi. Walipofika miaka 35, kundi la kwanza lilikuwa limepoteza wastani wa milimita 9 hivi za mshiko kwenye jino, kundi la kati kama 4, na kundi la mwisho hata milimita moja haikutimia. Mdomo mchafu ule ule, matokeo matatu tofauti.

Hapa kwetu Afrika Mashariki, Vibeke Baelum na wenzake walichapisha mwaka 1988 matokeo ya kupima watu 1,131 wa wilaya ya Machakos, Kenya, wenye miaka 15 hadi 65. Ukoga ulikuwa kwenye sehemu kubwa ya meno ya watu hao. Lakini mifuko ya kuanzia milimita 4 ilikuwa kwenye chini ya asilimia 20 ya nyuso za meno zilizopimwa, hata kwa wazee. Yaani usikubali mtu akutishe kwamba kila mwenye ugaga atabaki kibogoyo. Wakati huo huo, kidunia Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba ugonjwa wa fizi uliofikia hatua kali uko kwa zaidi ya watu bilioni moja. Huwezi kujua uko kundi gani kwa kujiangalia tu. Lazima upimwe.

Na hapa ndipo ubaya wa ugonjwa huu ulipo: hauumi. Jino lililotoboka litakuamsha saa nane usiku kabla ya mtihani na utalipeleka hospitali kwa nguvu. Fizi zinaweza kupoteza nusu ya mfupa bila wewe kumeza hata panado moja. Kwetu hospitali ya meno ni kama kituo cha polisi, haendi mtu bila shida, na akienda mara nyingi anaenda kung'oa, kwa sababu wakati huo jino linacheza na hakuna lingine la kufanya.

Namba 168

Matibabu yanaanza na kupima, si kukwangua. Daktari, au mtaalamu wa afya ya kinywa, ana kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita na ncha butu. Anakishusha taratibu kati ya ufizi na jino mpaka kigote, anasoma namba, anahamia mbele kidogo. Kila jino linapimwa sehemu sita, tatu upande wa shavu au mdomo na tatu upande wa ulimi. Mtu mwenye meno 28 anaondoka na namba 168. Nimewahi kumsindikiza mwenzangu nikakaa kwenye benchi karibu na mlango ulioachwa wazi, na kilichosikika kutoka ndani kilikuwa kama msimamizi anasoma matokeo ya test: "tatu, mbili, tatu, tatu, tano, sita…" Muuguzi anaandika tu.

Milimita 1 hadi 3 ni ufizi wa kawaida. Kuanzia 4, hasa kama panatoka damu palipoguswa, ni mfuko. Kuanzia 6 ni mfuko wa kina. Baada ya hapo picha ya eksirei inaonyesha mfupa umebaki kiasi gani. Mahali fulani wanaweza kutaka kukufanyia "usafi wa kina" bila kupima hata sehemu moja. Uliza kwa heshima: "Daktari, mifuko yangu ina milimita ngapi?" Kama huna mfuko, unachohitaji ni kukwanguliwa ugaga wa juu na kufundishwa kupiga mswaki, na vitu hivi viwili havilipiwi sawa.

Kwa wenye mifuko, kazi inakuwa hivi. Anakuchoma sindano ya ganzi upande atakaofanyia kazi, maana atashuka chini ya ufizi. Halafu kuna vifaa vya aina mbili. Cha kwanza ni mashine ambayo ncha yake inatetemeka zaidi ya mara 25,000 kwa sekunde. Kwa macho huioni ikisogea, unasikia mlio mwembamba kama wa mbu mkubwa, na maji yanamwagika muda wote kuipoza na kusafisha vipande vinavyobomoka. Cha pili ni vikwangulio vya mkono, vyembamba, vilivyopinda kila kimoja kwa namna yake. Seti maarufu inaitwa kwa jina la daktari wa Marekani, Clayton Gracey: kuna cha meno ya mbele, kuna cha upande wa mbele wa magego, kuna cha upande wa nyuma wa magego hayo hayo.

Kinachonishangaza ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hii inafanywa bila kuona. Ugaga uko chini ya ufizi, kwa hiyo daktari anasikiliza kwa vidole. Mzizi wenye ugaga unakwaruza kama ukucha juu ya msasa. Ukishasafishika, chombo kinateleza. Zamani madaktari waliamini sumu za bakteria zimezama ndani ya mzizi, wakawa wanauparura mpaka uwe kama kioo. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha sumu hizo zimekaa juu juu tu, kwa hiyo siku hizi lengo ni kuondoa ugaga na ukoga bila kupunguza mzizi wenyewe. Wale wajomba zetu wanaosimulia kwamba walichongwa meno miaka hiyo huenda hawatii chumvi sana.

Kinywa kizima kinaweza kufanywa siku moja au mbili, au kikagawanywa robo robo kwa wiki kadhaa. Tafiti zilizolinganisha njia hizo hazikupata tofauti kubwa ya kupona. Chagua kwa ratiba yako na mfuko wako, ila usipange siku moja kabla ya UE. Ganzi ikiisha utasikia maumivu ya kiasi kwa siku moja au mbili, maji baridi yatakuchoma meno kwa wiki kadhaa, na ukipiga mswaki siku ya kwanza utaona damu kidogo. Na bado upige, kwa ulaini.

Kabla hujakaa kwenye kiti, mwambie daktari kama una kisukari, ugonjwa wa valvu za moyo, mimba, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mimba haizuii matibabu. Inabadilisha tu namna ya kuyapanga.

"Nilisafishwa, meno yakalegea"

Hili ndilo neno linalowarudisha watu mlangoni, tulikalie kidogo. Wanaolisema hawadanganyi. Walichokiona ni kweli, maelezo yake ndiyo yamegeuzwa.

Chukua nguzo ya uzio. Mvua za miaka zimeondoa udongo pale chini, nguzo imebaki imeshikwa na robo tu ya shimo. Wakati huo huo tope limejikusanya kuizunguka juu na kukauka, limeiunganisha na nguzo za jirani. Ukiitazama unaona imekaa. Siku unapopasua tope lile kavu, nguzo inayumba. Umeilegeza? Ililegea mvua ilipochukua udongo. Ugaga mwingi kwenye meno ya mbele hufanya hivyo hivyo, huyafunga pamoja kama zege, na ukitoka mtu anagundua hali halisi ya mfupa wake siku hiyo hiyo.

Mapengo nayo ni hivyo. Kwanza, nafasi kati ya meno ilikuwa imejaa ugaga, ulimi ukazoea ukuta. Pili, ufizi uliokuwa umevimba unanywea ukipona, unashuka na kuacha sehemu ya mzizi wazi. Meno yanaonekana marefu, pembetatu nyeusi zinatokea kati yake. Kwa urembo ni hasara, sitakuficha, na mtu mwenye miaka 22 anayependa kupiga picha itamuuma. Daktari mzuri anakwambia haya kabla, si baada. Lakini ule ufizi mnene wa mwanzo uliofunika mapengo ulikuwa uvimbe.

Basi kinachopatikana ni nini? Ufizi unakaza upya kwenye mzizi safi na mfuko unapungua. Mfupa uliopotea kwa kawaida haurudi, kinachofanyika ni kuuzuia usiendelee kuondoka. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2020 yalipata kwamba miezi 6 hadi 8 baada ya kukwangua kwa kina, mifuko hupungua kwa wastani wa milimita 1.7, na karibu asilimia 74 ya mifuko inakuwa imefunga. Milimita 1.7 ukiisikia unaona ni kitu gani hicho, lakini piga hesabu. Mfuko wa 5 unakuwa 3 na kidogo, na 3 ni kina ambacho unaweza kukitunza mwenyewe nyumbani. Hiyo ndiyo maana yote ya zoezi hili, kurudisha mdomo kwenye kina ambacho mswaki wako na mkono wako vinatosha.

Dawa za dukani

Nyuma ya kila chuo kuna duka la dawa, na kila duka la dawa linajua dawa ya fizi: metronidazo na amoksilini, siku tano. Watu wanameza, uvimbe unatulia, wanasema wamepona. Mwezi wa tatu wamerudi dirishani.

Sababu ni ile gundi niliyoitaja mwanzo. Dawa inafika kwa njia ya damu, lakini ukoga ni mji wenye kuta. Bakteria wa ndani kabisa wanafikiwa na dawa kidogo mno, na ugaga haumezwi na kidonge chochote. Ukipasua utando kwa chombo kwanza ndipo dawa, ikihitajika, inapata njia. Hata hapo haihitajiki kwa kila mtu. Mwongozo wa shirikisho la wataalamu wa fizi la Ulaya wa mwaka 2020 hauruhusu antibaiotiki kuwa kawaida ya kila mgonjwa, kwa sababu ya usugu wa dawa na madhara mengine.

Wapo wa pekee, na huenda mmoja wao anasoma hapa. Kuna aina ya ugonjwa wa fizi inayoshika vijana kuanzia balehe, inakula mfupa wa magego ya kwanza na meno ya mbele kwa kasi, mara nyingine mdomo ukiwa hauna hata ugaga mwingi. Kuna ukoo mmoja wa bakteria unaohusishwa nayo sana, na utafiti uliofanywa na Dorte Haubek na wenzake kwa vijana wa Morocco, ukachapishwa mwaka 2008, ulionyesha wazi uhusiano huo. Huyu ndiye daktari anaweza kumwongezea antibaiotiki juu ya kukwanguliwa. Kama una miaka 20, jino la mbele linasogea au limeanza kuachana na mwenzake bila kupigwa na mpira, usisubiri likizo.

Wengine wawili wa kuangaliwa zaidi. Mvutaji wa sigara au shisha: nikotini inabana mishipa, fizi zake hazitoi damu sana hata zikiwa hoi, kwa hiyo povu lake jeupe halithibitishi kitu, na akitibiwa anapona kidogo kuliko wengine. Na mwenye kisukari: sukari ikipanda fizi zinaharibika, fizi zikiharibika sukari inakuwa ngumu kushuka. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2022 yalionyesha kutibu fizi kunashusha kipimo cha HbA1c kwa wastani wa pointi 0.43 za asilimia ndani ya miezi mitatu minne. Kama mama au baba ana kisukari, mpigie umweleze hilo, pengine kliniki haijawahi kumwangalia mdomoni.

Ukishatoka kwenye kiti

Shule ya msingi tulifundishwa kupiga mswaki juu chini, juu chini, na wimbo juu yake. Tulifundishwa meno. Ufizi haukutajwa. Sisi tutakaokwenda kufundisha hili darasa la tatu tunaweza kuongeza dakika mbili tu: elekeza brashi kwenye mstari ambapo jino linakutana na ufizi, ilaze kama nusu ya pembe mraba, itetemeshe papo hapo taratibu, ndipo usogee. Inaitwa njia ya Bass, kwa jina la daktari Mmarekani Charles Bass. Brashi laini, mara mbili kwa siku, na ya usiku usiikose.

Kuna wanaouliza kuhusu mswaki wa mti. Neno lenyewe mswaki ni la mti huo kabla halijawa la plastiki, na mti unaondoa ukoga ukitumiwa kwa uangalifu. Shida ni kuufikisha nyuma ya magego na upande wa ulimi. Na kati ya jino na jino haufiki mti wala brashi ya kawaida. Hapo unahitaji uzi wa meno, au kama una mapengo baada ya kutibiwa, vibrashi vidogo vya kupitisha katikati. Kile kijiti cha kibanda cha chipsi kinatoa nyama tu, ukoga kinauacha.

Utaitwa tena baada ya miezi mitatu hivi ili upimwe upya. Watu wengi hawarudi, kwa sababu damu imekoma na bumu limeisha. Rudi, na umwombe akusomee namba za leo pamoja na za siku ya kwanza, jino kwa jino. Palipokuwa na 5 pakasoma 3 bila damu, pamefunga. Palipobaki 6, hapo ndipo mtazungumza kuhusu kukwangua tena au upasuaji mdogo wa kufungua ufizi ili daktari afanye kazi akiona. Hata kama zote ni nzuri utapangiwa tarehe nyingine, kati ya miezi 3 na 12 kutegemea hali yako. Tarehe hizo zina tabia ya kuangukia likizo ukiwa nyumbani mkoani, kwa hiyo omba nakala ya karatasi ya namba zako, ipige picha, uende nayo hospitali ya huko.